Mwalimu wa Siku ya Ukaguzi

Ndugu msomaji, leo naandika juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema kwa mtu. Sikulificha kwa kuwa lilikuwa kubwa. Nililificha kwa kuwa nililiona dogo, na mambo madogo hatuyatubii.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, nikiwa mhadhiri msaidizi mwenye shahada moja ya uzamili na madeni mengi, nilipigiwa simu na rafiki niliyesoma naye. Alikuwa amekabidhiwa ofisi ya taaluma katika chuo kipya cha watu binafsi kilichokuwa kikitafuta usajili. Aliniomba nakala za vyeti vyangu zilizothibitishwa na wakili, wasifu wangu na picha mbili. “Wakaguzi wanakuja wiki ijayo,” alisema, “na sisi tumepungukiwa watu wawili wenye uzamili. Ni siku moja tu, kaka.”

Nilikwenda. Nilikuta mkataba wa ajira umekwisha kuandikwa, tarehe yake ikiwa ya miezi mitatu nyuma, nikautia sahihi. Nilioneshwa ofisi “yangu”, yenye meza ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani. Maktaba ilijaa vitabu, lakini nilipofungua kimoja niliona karatasi nyeupe imebandikwa juu ya mhuri wa taasisi nyingine. Kompyuta ishirini zilipangwa kwa mstari ulionyooka. Kesho yake zilirudi kwa mwenyewe. Mkaguzi mmoja, mtu mzima mwenye upole, aliniuliza ninafundisha somo gani. Nikamtajia. Akaniuliza nina wanafunzi wangapi. Nikamtajia idadi. Jioni tulikula pilau, nikapewa bahasha yenye shilingi laki mbili, nikalipa kodi ya chumba. Sikukosa usingizi hata usiku mmoja.

Miaka kadhaa ilipita. Nilikwenda masomoni, nikarudi na shahada ya uzamivu, nikaanza kuitwa Daktari. Siku moja mlango wa ofisi yangu uligongwa na binti mmoja aliyeshika bahasha ya kaki.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba. Karibu, binti.”

Alikuwa ametoka Singida, ambako mama yake analima alizeti. Alisoma katika chuo kile kwa miaka mitatu, akaanza na astashahada na kumaliza na stashahada ya maendeleo ya jamii. Alinitolea cheti chenye nembo, sahihi mbili na mhuri wa rangi ya zambarau. Alitaka kuomba nafasi ya shahada ya kwanza, lakini mfumo wa maombi ulimtaka aweke namba ya uhakiki wa tuzo, ile ambayo waombaji wote wenye stashahada wanaijua kwa herufi zake tatu, AVN. Namba hiyo hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, kwa mhitimu ambaye matokeo yake yaliwasilishwa na chuo chake. Matokeo yake hayakuwahi kuwasilishwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za taifa, binti huyu hakuwahi kusoma.

Alikuwa amekwenda chuoni, akakuta jengo limegeuzwa ghala la vifaa vya ujenzi. Mwenye chuo hakupokea simu. Ndipo alipokumbuka kijitabu cha matangazo ambacho mama yake alioneshwa kabla ya kulipa ada. Ndani yake kulikuwa na orodha ya walimu. Jina langu lilikuwa la tatu.

“Sikuwahi kukuona darasani,” alisema, “nikadhani labda uliwafundisha walionitangulia. Nimekuja kwa sababu wewe ndiye pekee niliyekupata.”

Ningeweza kusema kwamba niliondoka mapema. Uongo ulikuwa umesimama karibu kabisa na ulimi. Lakini nilimweleza yote: simu, mkataba, meza yenye nailoni, bahasha. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema sentensi moja ambayo nimeishi nayo tangu siku hiyo: “Kwa hiyo, Daktari, hata wewe hukuwepo.”

Nimeona niandike haya kwa sababu tunapozungumzia ubora wa elimu nchini, tunazungumza zaidi juu ya mlango wa kuingilia. Tunauliza: je, chuo kimesajiliwa? Kina ithibati? Wahenga walishatuonya kwamba nyumba njema si mlango. Usajili ni harusi, ambayo huisha kwa siku moja, yenye mapambo, picha na pilau. Wajibu unaoufuata ni ndoa, na ndoa haina wapiga picha. Taasisi inayotoa cheti inaahidi jambo jipya kila siku, kwamba mtu huyu, ambaye jina lake tumeliandika hapa, anajua tulichosema anajua. Ahadi hiyo haitimizwi kwa sifa ulizokuwa nazo siku ya ukaguzi.

Sheria zetu zenyewe zinalijua jambo hili. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililokuwapo tangu miaka ya 1990. NACTE ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na baada ya marekebisho ya mwaka 2021 ikabeba pia dhamana ya mafunzo ya ufundi stadi na kuitwa NACTVET. Baraza la Mitihani, NECTA, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya Tanzania kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Hakuna kati ya vyombo hivi kilichokusudiwa kugonga mhuri na kwenda kulala. Ithibati ina muda, na muda ukiisha chuo hukaguliwa upya. Mitaala inapaswa kupitiwa kwa vipindi. Matokeo ya vyuo vikuu hupita mbele ya mtahini wa nje na Seneti. Waliodahiliwa hupelekwa kuhakikiwa. Kwenye karatasi ndoa imeandikwa vizuri. Tatizo ni maisha ya ndani ya nyumba.

Nilipoteuliwa kuingia katika kamati ya uthibiti ubora ya chuo ninachofundisha, niliamua kusoma jinsi wengine wanavyolitazama suala hili. England wana mdhibiti aitwaye Ofqual, aliyeanza kazi rasmi kisheria mwaka 2010. Kule bodi za mitihani ni taasisi zinazojitegemea, na mdhibiti hukaa juu yao akiwa na masharti ya jumla ambayo kila mtoa tuzo hulazimika kuyatimiza kwa muda wote anaotambuliwa. Sikuyasoma ili kuyaabudu. Nitaeleza hapa chini kwamba nao walianguka. Lakini baadhi ya masharti hayo yalinigusa kama mtu aliyeitwa jina lake.

Sharti la kwanza lililonigusa ni la kutoa taarifa. Mtoa tuzo akibaini kwamba kuna jambo limetokea, au linaelekea kutokea, ambalo laweza kuwadhuru wanafunzi au kuharibu viwango, anatakiwa kumwambia mdhibiti mapema, kabla hajaulizwa. Mtihani umevuja, sema. Fedha zinakuisha, sema. Umiliki unabadilika, sema. Nikafikiria utamaduni wetu wa kiofisi. Kwetu sisi, mkuu wa chuo anayepeleka habari mbaya kwa mdhibiti huonekana mjinga aliyejichongea. Habari mbaya hufunikwa hadi inuke, na ikishanuka tunauliza ni nani aliyefunua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika elimu anayezikwa ni mwanafunzi.

Sharti la pili ni la mgongano wa maslahi. Nilipolisoma nililazimika kuuangalia mfumo wangu mwenyewe. Mimi ndiye ninayefundisha somo, ninayetunga mtihani wake na ninayeusahihisha. Chuo changu ndicho kinachonilipa, na kinahitaji wanafunzi wafaulu ili wengine waje. Anayesimama kati ya maslahi hayo na cheti ni mtahini wa nje, ambaye sisi wenyewe tunampendekeza, tunamtafutia hoteli na kumlipa posho. Sisemi kwamba watahini wa nje ni wabovu. Nimewajua waliorudisha rundo zima la karatasi zisahihishwe upya. Nasema kwamba uadilifu wa mfumo mzima tumeuegemeza kwenye uti wa mgongo wa mtu mmoja kwa siku tatu, na hilo si haki kwake wala kwa taifa.

La tatu ni utunzaji wa kumbukumbu. Watumishi wa umma wanaonisoma hawahitaji kukumbushwa tarehe 28 Aprili 2017. Siku hiyo, jijini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kila mmoja wetu alimjua mtu aliyeondoka ofisini wiki hiyo. Tulijadili sana kama ilikuwa haki watu waliotumikia miaka ishirini waondoke mikono mitupu, na baadaye serikali ya awamu ya sita iliamua kuwarejeshea michango waliyokatwa kwenye mishahara yao. Mjadala ule ulikuwa wa lazima. Lakini kuna somo ambalo hatukulisema vya kutosha: kazi ile iliwezekana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuuliza. Cheti cha mtu aliyefanya mtihani wa kidato cha nne miongo mitatu nyuma kiliweza kulinganishwa na rejesta. Fikiria sasa chuo kinachokufa na rejesta yake. Mhitimu wake halali na mghushi huwa sawa, kwa kuwa wote wawili wana karatasi na hakuna mwenye ushahidi. Binti wa Singida hakughushi kitu. Alighushiwa.

La nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni wajibu wa kufunga vizuri. Mtoa tuzo wa England anayetaka kuiondoa tuzo sokoni hutakiwa kuandaa mpango wa kulinda maslahi ya wanafunzi waliomo katikati ya safari. Sisi tunajua kufungua. Mgeni rasmi hukata utepe na vyombo vya habari huja. Kufunga tunakufanya usiku. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, pamoja na programu kadhaa katika vyuo vingine. Niliuunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono, kwa maana mdhibiti asiyefunga mlango wowote ni mlinzi wa kuchorwa ukutani. Lakini nakumbuka maswali ya wanafunzi waliokuwa ndani ya vyuo vya aina hiyo: “Na sisi je? Cheti chetu kitakuwa na thamani gani?” Swali hilo lilipaswa kuwa na jibu lililoandikwa tangu siku chuo kilipopewa usajili: nani atapokea kumbukumbu, nani atawapokea wanafunzi, nani atalipia uhamisho. Kila chuo kingeandika wosia wake kikiwa kingali hai.

Wapo watakaoniambia kwamba masharti yote haya ni gharama, na kwamba mzigo huo utaviua vyuo vidogo vya mikoani ambavyo ndivyo vinavyopokea watoto wa maskini. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu najua ilikotoka. Kuanzia mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulizaa shule za kata kote nchini, na maelfu ya vijana wakamaliza kidato cha nne bila pa kwenda. Vyuo binafsi viliziba pengo ambalo serikali isingeweza kuliziba peke yake. Vingine viliziba kwa heshima kubwa, vikiwa na walimu wa kweli na wahitimu ambao leo ni wauguzi na mafundi wetu. Lakini tujiulize gharama hiyo inapokwepwa huwa inakwenda wapi, maana haipotei. Chuo kisichoajiri mwalimu, kisichowasilisha matokeo na kisichotunza rejesta hakijaokoa fedha. Kimeihamisha hasara na kuibwaga kwenye shamba la alizeti. Maskini hawahitaji cheti cha bei nafuu kisichofanya kazi. Huo ndio mkate wa gharama kuliko yote.

Wapo pia watakaouliza: na mdhibiti mwenyewe, nani anamdhibiti? Ni swali la haki. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya, moja ya sababu zilizotolewa ikiwa mabadiliko ya utaratibu wa kupanga alama. Nilijifunza hapo kwamba anayeshika mizani ana wajibu wa kuwaambia wanaopimwa pale anapobadilisha mawe. England nako, Agosti 2020, baada ya mitihani kufutwa kwa sababu ya korona, mdhibiti alitumia kanuni ya kihesabu iliyoshusha takribani asilimia 40 ya madaraja yaliyokadiriwa na walimu katika mitihani ya A-level. Vijana waliandamana, na baada ya siku chache uamuzi ukabatilishwa. Kwa hiyo sidai kwamba mdhibiti ni malaika. Nadai kwamba wajibu unaoendelea unamhusu naye: aeleze anachokifanya, akosolewe hadharani na asahihishe akikosea.

Nirudi kwa binti. Tulihangaika naye kwa miezi. Niliandika barua kwa mdhibiti nikieleza nilichokifanya siku ile ya ukaguzi, na nakala nikaipeleka kwa mkuu wa idara yangu. Msinisifu kwa hilo. Chuo kile kilikuwa kimeshakufa na barua yangu haikuhatarisha mkate wa mtu isipokuwa, pengine, wangu. Ingeandikwa siku ya pili baada ya ukaguzi, ingekuwa ushujaa. Ilipoandikwa ilikuwa ni mazishi.

Mwisho wa safari hiyo haukuwa mzuri kama ambavyo ningependa kuwasimulia. Bila matokeo yaliyowasilishwa hapakuwa na cha kuhakiki, na bila cha kuhakiki hapakuwa na namba. Akiwa na miaka ishirini na saba alirudi mwanzo kabisa kwa cheti chake cha kidato cha nne, akaomba upya astashahada katika chuo kingine, akaketi na watoto waliomaliza shule juzi. Nilichangia ada ya muhula wa kwanza. Msiite ukarimu. Zilikuwa ni zile laki mbili, zimerudi kwa mwenyewe zikiwa zimechelewa, na bila ile miaka mitatu.

Ndugu zangu wanafunzi, kabla ya kulipa ada msiishie kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Fungueni miongozo ya udahili ambayo TCU na NACTVET huitoa kila mwaka, mtafute jina la programu yenyewe, kwa maana chuo chaweza kuwa halali na programu isiwe. Mkishaingia, ulizeni kila mwaka kama taarifa zenu zimewasilishwa, na muulize kwa maandishi. Ulizeni pia, kwa adabu lakini bila woga, walimu walio kwenye kijitabu wako wapi.

Wanaharakati, mmezoea kusimama pale chuo kinapofungwa. Simameni na mapema, mkidai kwamba taarifa za ukaguzi ziwe wazi kwa umma, ili mzazi wa Singida asome alichokisoma mdhibiti.

Watumishi wa umma mnaokagua, nendeni siku ambayo hamkutangaza. Mkioneshwa ofisi, fungueni droo. Meza ya mtu anayefanya kazi haikosi makaratasi. Na mkirudi mara ya pili, muulizeni aliyekuwapo mara ya kwanza.

Na wahadhiri wenzangu, ambao najua baadhi yenu mmeshapigiwa simu kama ile niliyopigiwa mimi. Vyeti vyetu tumevipata kwa jasho, lakini si mali yetu kiasi cha kuvikodisha kama viti vya plastiki vya msibani. Jina lako likiwekwa kwenye orodha, kuna mtu mahali fulani atakayeuza magunia kwa sababu ameliona. Siku atakapokuja kukutafuta, natamani asikuambie nilichoambiwa mimi.